Kujifunza Tiba kwa Kusikilizwa: Mhadhara Kuhusu Mafunzo ya Uzamili ya Mwanasaikolojia Tiba

Ndugu wanafunzi, walimu wetu, na wazazi mliowasindikiza vijana wenu: karibuni. Mada ya leo ni njia ya kuwa mwanasaikolojia tiba baada ya shahada ya kwanza. Nitazungumzia zaidi Kenya na Tanzania, maana ndiko wengi wenu mtakakosomea na mtakakofanya kazi.

Kwanza mipaka. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari, halafu hubobea. Yeye ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hapa kwetu haandiki dawa. Anapima, anaeleza tatizo limetoka wapi na ni nini kinalilisha, anatibu kwa mazungumzo na mazoezi yenye mpangilio, kisha anafuatilia kama mgonjwa anapata nafuu au hapati. Shahada ya kwanza ya saikolojia haitoshi kukukalisha peke yako mbele ya mgonjwa, hata kama alama zako zote ni A. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na bodi ya usajili ilitokana na sheria hiyo. Mtu asikuambie kwamba cheti cha wiki mbili kinakupa jina hilo.

Shahada ya uzamili ya saikolojia tiba inatolewa, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Ukisoma ratiba utaona miaka 2. Masomo ya darasani si tatizo kubwa: magonjwa ya akili, mbinu za tiba, takwimu, maadili, ukuaji wa mtoto. Kinachomfanya mtu awe mtaalamu ni saa anazokaa na wagonjwa wodini na kwenye kliniki ya nje, na saa anazokaa na msimamizi wake kuzungumza juu ya wagonjwa hao. Jambo hili ndilo nililokuja kulisisitiza.

Tuanze na mahojiano ya kwanza. Tengeni dakika 60 hadi 90. Mgonjwa wetu mara nyingi haji na neno "sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Anakuja na kichwa kinachogonga, tumbo linalowaka, moyo unaokwenda mbio, usingizi uliokatika. Mwanafunzi mgeni husikia hayo na moja kwa moja anaona msongo wa mawazo. Hapo ndipo hatari ilipo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hutetemesha mikono, huharakisha moyo na kumnyima mtu utulivu, sawasawa na ugonjwa wa wasiwasi. Upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana na sonona. Baadhi ya aina za kifafa humfanya mtu aone na kusikia yasiyokuwepo. Efavirenz, dawa ya VVU iliyotumika kwa miaka mingi katika kanda yetu, inajulikana kuleta ndoto kali na kuvuruga hisia. Kwa hiyo uliza dawa anazotumia, uliza vipimo vya mwisho vilifanyika lini, na kama havikufanyika, mrudishe kwa daktari kabla ya kuanza tiba.

Kuna moja linaloua. Mzee aliyekuwa sawa juzi, leo anachanganya siku, anaona watu ukutani, asubuhi ana nafuu na usiku amevurugika. Huyo hahitaji mazungumzo. Mabadiliko ya ghafla, yanayopanda na kushuka, pamoja na umakini uliopotea, ni dalili kwamba ubongo umeingiliwa na ugonjwa wa mwili: maambukizi, sukari iliyoshuka, malaria kali, dawa. Anapelekwa kwa daktari saa hiyo hiyo.

Baada ya mahojiano, mwanafunzi anatakiwa aandike maelezo ya tatizo. Wengi hukwama hapa mwaka mzima, kwa sababu wanadhani kutaja jina la ugonjwa kumemaliza kazi. Nitatoa mfano wa kufundishia. Dereva wa bodaboda aligongwa na lori miezi 5 iliyopita. Anaota ajali, anashtuka akisikia honi, hapandi tena pikipiki. Jina la ugonjwa linaweza kuwa ugonjwa wa baada ya kiwewe, yaani baada ya tukio la kutisha, na linamfaa. Lakini jina hilo halikuambii Jumatatu ufanye nini. Maelezo ya tatizo yanauliza mambo matano: tatizo ni lipi hasa, nini kilimtayarisha kabla, nini kiliwasha moto, nini kinaendelea kuuchochea, na nini kinamlinda. Labda aliwahi kumpoteza kaka kwa ajali, hilo lilimtayarisha. Kilichowasha ni lori. Kinachochochea ni kukwepa barabara, kujipima mapigo ya moyo kila saa, na pombe anayokunywa ili alale. Kinachomlinda ni mke anayemwelewa na chama cha waendesha bodaboda kinachomshikia nafasi kituoni.

Tazama sasa: lori huwezi kulirudisha nyuma. Unachoweza kukigusa ni vile vinavyochochea. Basi tiba inajipanga yenyewe: kurudi barabarani hatua kwa hatua, kuacha kujipima mapigo, kushughulikia pombe, na mke na chama kushirikishwa kama mgonjwa mwenyewe ameridhia. Kwenye hatua za kurudi barabarani, mgonjwa anakadiria hofu yake kwa alama 0 hadi 100, na mnaanza na jambo lenye alama 30 au 40, tuseme kukaa juu ya pikipiki iliyozimwa. Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kumruhusu mgonjwa aondoke hofu ikiwa bado juu, kwa kumhurumia. Mgonjwa anarudi nyumbani akiwa amejifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kosa la pili ni zoezi kubaki ofisini tu, bila kazi ya nyumbani.

Kuhusu vipimo. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lina maswali 9 juu ya wiki 2 zilizopita, jumla ya alama ni 27, na alama 10 kwenda juu zinakuambia uchunguze zaidi. Halitoi hukumu. Mtu aliyefiwa wiki iliyopita anaweza kupata 15, na mwenye sonona nzito anayeogopa kuonekana dhaifu akapata 6. Soma swali la 9 kabla ya kujumlisha chochote, maana linauliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru; jibu lolote lililo juu ya 0 linahitaji mazungumzo siku hiyo hiyo.

Vipimo vya uwezo wa akili (IQ) vinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Wastani wake ni 100 na kila hatua ya mtawanyiko, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotofautiana na wastani, ni alama 15, kwa hiyo 70 ni hatua 2 chini ya wastani. Lakini wastani wa nani? Mtoto wa Turkana akilinganishwa na watoto wa Marekani waliotumika kusawazisha kipimo, namba inayotoka inabeba lugha, shule na mazoea ya kushika penseli. Ndiyo maana utambuzi wa ulemavu wa akili hautegemei namba peke yake: lazima uchunguze anavyojihudumia, anavyotumwa dukani na kurudisha chenji, anavyocheza na wenzake, na tatizo lazima liwe limeanza utotoni. Ripoti inayotaja namba bila hayo inaweza kumfunga mtoto mlango wa darasa maisha yake yote.

Swali la kujiua lazima mfundishwe kuliuliza kwa sauti ya kawaida na kwa maneno ya wazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Uliza kama anafikiria kujiua, kama ana mpango, kama njia ipo nyumbani, sumu ya kuulia wadudu kwa mfano, na kama aliwahi kujaribu. Kisha mnaandika pamoja mpango wa usalama. Ule wa Barbara Stanley na Gregory Brown una hatua 6: dalili za hatari, mambo ya kufanya peke yake, watu na mahali pa kutuliza mawazo, watu wa kuombwa msaada, wataalamu wa kupigiwa, na kuondoa njia ya kujidhuru. Mwanafunzi akiwa na haraka huruka hatua ya mwisho, ambayo ndiyo yenye nguvu. Fahamuni pia hali ya sheria, kwa sababu hofu ya polisi huwafunga watu midomo. Kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba.

Sasa usimamizi. Saa 1 kila wiki ni kiwango cha kuanzia. Jinsi saa hiyo inavyopotea naijua vizuri: mwanafunzi anasimulia habari za mgonjwa dakika 40, msimamizi anatikisa kichwa, wanaachana. Hakuna aliyejifunza kitu, kwa sababu mwanafunzi husimulia alichokumbuka, na asichokiona wakati wa mazungumzo hawezi kukisimulia. Dawa yake ni kinasa sauti. Mgonjwa anaombwa idhini kwa maandishi, anaelezwa nani atasikiliza na lini sauti itafutwa, na anaweza kukataa bila tiba yake kuathirika. Sauti haikai kwenye simu inayotumiwa na familia. Mwanafunzi anachagua dakika 5, anakuja na swali moja lililoandikwa: "Hapa alilia nami nikabadilisha mada, nilikuwa naogopa nini?" Swali kama hilo linatosha saa nzima.

Kwa tiba ya utambuzi na tabia, yaani ile inayofanyia kazi mawazo na mazoea ya mgonjwa, kuna kipimo cha CTS-R cha kumpimia mtibabu mwenyewe: vipengele 12, kila kimoja alama 0 hadi 6, jumla 72. Uingereza hutumia sana 36 kama mstari wa kufaulu. Wanafunzi wengi mwanzoni hupoteza alama mahali pamoja: hawapangi ajenda ya kikao, kwa hiyo dakika 50 zinakwisha kabla ya jambo lililomleta mgonjwa kuguswa.

Tasnifu nitaipitia upesi, lakini ndiyo inayogeuza miaka 2 kuwa 4. Wengi hunakili kanuni ileile ya sampuli na kupata watu 384. Pigeni hesabu. Mahojiano ya dakika 40 mara 384 ni saa 256. Ukiwahoji watu 6 kila siku ya kliniki, unahitaji siku 64. Kliniki ikiwa mara 2 kwa wiki, hizo ni wiki 32. Na kama kliniki yenyewe inahudumia watu 300 tu katika kipindi chako, kanuni ya kurekebisha kwa idadi ndogo inakushusha hadi 169. Kibali cha kamati ya maadili kiombwe mapema. Kenya, ongezeni leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha ruhusa ya hospitali yenyewe.

Kabla hamjalipa ada, ulizeni chuo: msimamizi wangu ni nani, ana wanafunzi wangapi, atasikiliza sauti zangu au ataniuliza habari tu? Nitazunguka wodi zipi, na je, kuna watoto? Chuo kisichoweza kujibu haya kina darasa, hakina mafunzo.

Na wale mtakaoanza mwaka huu: daftari la saa za wagonjwa lisainiwe kila Ijumaa. Andikeni tarehe, aina ya kesi, mbinu, dakika, bila jina la mgonjwa. Wasimamizi huhamishwa, hustaafu, huenda kusoma nje, na saa zisizo na saini ni vigumu sana kuzithibitisha baadaye mbele ya bodi. Karibuni kwa maswali.