Ile saa kwenye jibu la imeili ni saa ya nani?

Jamani habari za jioni, wa kule nyuma mnanisikia? Haya. Leo naongelea mstari mmoja tu, ule unaojiandika wenyewe ukibonyeza kujibu imeili, "tarehe fulani saa fulani, fulani aliandika", alafu chini yake yanafuata maneno ya yule unayemjibu. Huo mstari umeshanikosesha kazi.

Ilikuwa hivi. Natakiwa kutuma kotesheni, mwisho Jumanne tarehe 4 Machi 2025 saa sita usiku, na mimi si mnanijua, nimetuma saa tano na dakika arobaini, niko hapahapa Dar. Mtu wao wa manunuzi yuko Tokyo, kaamka kajibu vizuri tu kwamba wamepokea, akamkopi bosi wake ambaye naye yuko hapahapa Dar. Bosi kushuka chini ya jibu anakuta eti niliandika Jumatano tarehe 5, saa 5:40. Umechelewa bwana. Nikabisha, mbona 5:40 ndo hiyohiyo saa tano na dakika arobaini! Kumbe Tokyo wametutangulia masaa sita, na saa ya Kiswahili nayo inapishana na ya kwenye simu kwa sita, kwa hiyo saa imelingana kabisa ila siku imeruka, na watu wawili wa mji mmoja tunagombana kwa saa ya Japani. (Bibi yangu angekuwa upande wa bosi, maana kwa hesabu za pwani jua likishazama Jumanne huo ni usiku wa Jumatano tayari.)

Sasa tuone kilichotokea. Imeili inapoondoka inabeba heda, yaani mistari ya taarifa inayokaa juu ya barua, na mmojawapo ni wa tarehe, wangu ilikuwa 4 Mar 2025 23:40:12 +0300, na hiyo +0300 ndo roho yake, inasema huyu mtu yuko masaa matatu mbele ya saa ya dunia, UTC. Ukiwa nayo hupotei. Ila programu ya anayejibu inaisoma, inaigeuza iwe saa ya kwake, inaandika ule mstari, alafu ile +0300 inaitupa, na ya kwake pia haiiweki! Gmail wanafanya hivyo, Outlook hivyohivyo. Ukishatoka hapo ni maandishi ya kawaida tu, wa kumi akijibu programu yake haiendi kurekebisha mistari ya ndani, kwa hiyo barua moja ndefu inaweza kuwa na saa za Tokyo, Toronto na Dar zimepangana na hakuna hata moja inayosema ni ya wapi, mpaka jibu linaonekana limetangulia swali.

Wachache wanakupa uchaguzi. Mutt, ile programu ya imeili ya watu wa terminali, wanaoandika amri badala ya kubonyeza vitufe, kwenye mpangilio wa ule mstari ukiweka %d unapata saa ya mtumaji, %D saa yako wewe, herufi moja tu. Ila hata mafundi wenyewe walishajichanganya, RFC 822 ya 1982, yaani waraka wa kanuni za imeili, iliruhusu kanda za saa ziandikwe kwa herufi moja za kijeshi na ikakosea alama, kujumlisha ikawa kutoa, mpaka 2001 RFC 2822 ikasema mkizikuta zihesabuni kama -0000, yaani saa ya dunia lakini mtumaji hatujui yuko wapi.

Kwa hiyo mkigombana achaneni na ule mstari, fungueni barua halisi na heda zake. Na hiyo tarehe ya juu nayo inatoka kwenye kompyuta ya mtumaji, saa yake ikiwa mbovu inadanganya, kwa hiyo someni mistari ya Received kuanzia chini kwenda juu, kila seva iliyoipokea imegonga muhuri wake wa saa na ofuseti yake, yaani namba kama ile +0300. Mimi nilimtumia bosi zote, akakubali, akaomba radhi, ila kazi alishapewa mwingine. Siku hizi naandika mwenyewe ndani ya barua, "natuma Jumanne 23:40 saa za Afrika Mashariki", wanicheke tu.

Haya, nimeona mkono kule dirishani, karibu dada.