Podikasti: Samaki Gani Wataelewana kwa Maji ya Malindi?

MPWA: Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba baba. Hujambo?

MPWA: Sijambo. Wasikilizaji, karibuni tena hapa Malindi. Mkisikia feni inavuma tuvumilieni, bila feni kipindi hakirekodiki. Leo ni samaki wa mapambo, wale wa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, wa kufugwa pamoja kwenye tangi moja. Nimepata tangi la kioo kwa mtu aliyekuwa anahama, nimeandika orodha ya samaki ninaowataka, na shangazi amenikataza kuisoma mpaka tuwe hewani.

SHANGAZI: Nilitaka na wengine wasikie. Soma.

MPWA: Neoni tetra kumi. Enjelfishi wawili. Taiga babi wanne, wale wa milia. Goldifishi mmoja, yule mwenye macho ya kutoka nje. Pleko mmoja wa kulamba kioo. Halafu gapi, kadiri watakavyoenea.

SHANGAZI: Lo! Na tangi lenyewe?

MPWA: Urefu sentimita 60, upana 30, kina 30.

SHANGAZI: Zidisha, ugawe kwa 1,000. Lita 54. Toa mchanga, toa ile nafasi ya juu usiyoijaza, umebakiwa na arubaini na kitu. Hapo nusu ya orodha imeshaanguka na hata hatujazungumza tabia za samaki. Maji utatoa wapi?

MPWA: Ya kisima. Ya bomba yakija, ya bomba.

SHANGAZI: Ya kisima chenu mnapikia chai?

MPWA: Hapana, yana chumvichumvi. Tunaogea. Mama akiyachemsha, birika linafanya ukoko mweupe mpaka mdomoni.

SHANGAZI: Basi jibu umeshalitoa. Ule ukoko ni chokaa. Malindi yote hii tumekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mvua ikipenya chini inayeyusha chokaa ya mawe, maji yanakuja magumu, yaani yamejaa chokaa, na pH yake, kile kipimo cha asidi, iko juu ya 7, maana yake hayana asidi. Watu wanachagua samaki kwa rangi, halafu wanahangaika kuyageuza maji. Mimi nasema anza na maji yaliyopo nyumbani kwako, uulize samaki gani wanayataka. Hao ndio wako.

MPWA: Kwa hiyo neoni...

SHANGAZI: Neoni kwao ni Amazon. Maji laini, yamekolea rangi ya majani yaliyooza, pH chini ya 7. Tena anapenda nyuzi 20 hadi 26. Chumba chako saa nane mchana mwezi wa pili kina nyuzi ngapi?

MPWA: Thelathini, na zaidi.

SHANGAZI: Ndiyo hayo. Si kwamba atakufa siku hiyo hiyo. Wanaozaliwa kwenye mashamba ya samaki wamezoea kidogo maji ya kawaida. Lakini ataishi kwa tabu, rangi itafifia, ugonjwa ukipita yeye wa kwanza.

MPWA: Dukani wanauza dawa ya kushusha pH. Nikiitia?

SHANGAZI: Maji magumu yana ukaidi. Unatia dawa leo, pH inashuka, kesho chokaa imeirudisha. Ile kupanda na kushuka ndiyo inayomaliza samaki, kuliko pH ya 8 iliyotulia. Kama roho yako haiwezi kuwaacha neoni, kinga maji ya mvua, changanya na ya kisima, na ufanye hivyo kila unapobadilisha maji, mwaka mzima. Masika yakiisha utakinga nini?

MPWA: Hapo umenishinda. Na nilikuwa nimeokota mawe mazuri ya matumbawe ya kupambia.

SHANGAZI: Lichukue moja, lipanguse, dondoshea siki. Au kamulia ndimu. Weka sikio karibu.

MPWA: Ninalo hapa mezani. Ngoja... Linachemka! Povu dogo dogo jeupe, nalisikia.

SHANGAZI: Hiyo chokaa inapambana na asidi. Ukilitia tangini itayeyuka taratibu, maji yazidi kuwa magumu. Kuna samaki wanaolitaka jiwe hilo, nitakuja kwao. Ila usilitie kwa kupendezwa na umbo lake tu.

MPWA: Haya, nitajie wanaoyapenda maji yetu.

SHANGAZI: Gapi, plati na moli. Wote watatu hawatagi, wanazaa watoto wakiwa hai, na wote wanataka maji magumu. Moli hata chumvi kidogo haimsumbui. Umeandika gapi mwisho wa orodha, na mimi ndiye ningemweka wa kwanza. Lakini hesabu madume na majike. Dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Ukiweka madume wengi, watamkimbiza jike mpaka akose pa kupumua.

MPWA: Nami nilitaka madume matupu, si ndio wenye mikia?

SHANGAZI: Na hilo si baya! Madume peke yao, sita hivi, hutakuwa na watoto wa kuwatafutia pa kuwapeleka. Maana jike wa gapi anazaa kila baada ya kama mwezi, na anaweka mbegu ya dume mwilini kwa miezi. Unanunua jike mmoja ukidhani yuko peke yake, unashangaa tangi limejaa.

MPWA: Na hao taiga babi wakikaa na gapi?

SHANGAZI: Usithubutu. Taiga babi ni mchokozi, hasa akiwa na wenzake wachache. Wawe wanane au kumi, wanachokozana wenyewe kwa wenyewe. Wawe wanne kama wako, wanatafuta wa kumtesa. Anamjia gapi kwa nyuma, anadokoa mkia, anaondoka. Dokoa, ondoka. Ukiangalia asubuhi ule mkia umebaki vijiti vijiti, ngozi ya katikati haipo. Kisha ukungu unaingia kwenye kidonda. Beta naye, yule samaki mpiganaji mwenye mapezi marefu, ukimweka tangi moja na hawa, yatamkuta hayo hayo.

MPWA: Beta sikumwandika. Lakini nimewahi kuambiwa anakaa popote.

SHANGAZI: Beta ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo maji yakipungua oksijeni yeye anavumilia. Gurami pia. Lakini dume wa beta na dume wa beta hawakai, na gapi mwenye mkia wa rangi anaweza kumdhania ni beta mwenzake. Apewe chombo chake.

MPWA: Enjelfishi je? Huyu ana adabu, anaogelea taratibu.

SHANGAZI: Adabu ya mdogo. Akikua ni siklidi kamili, ile jamii ya akina perege. Anafika sentimita 15 kwa urefu wa mwili, na kwa kimo cha mapezi zaidi ya hapo, wewe kina chako ni 30. Na neoni wana sentimita tatu, nne. Kule Amazon tetra wadogo ni chakula chake. Kanuni ni hii: samaki anayeingia mdomoni, ipo siku ataingia. Haijalishi walilelewa pamoja. Usiku mmoja unahesabu, mmoja hayupo, na enjelfishi tumbo limejaa.

MPWA: Pleko?

SHANGAZI: Anauzwa akiwa kama kidole, wa kawaida anafika sentimita 40. Kinyesi chake ndicho utakachokuwa unasafisha. Yupo pleko mdogo mwenye ndevu puani, hazidi sentimita kumi na kitu. Huyo kwa tangi la lita 100 ningekubali. La kwako, futa kioo kwa mkono.

MPWA: Na goldifishi niseme mwenyewe. Ni wa maji ya ubaridi.

SHANGAZI: Na mchafuzi. Mpe tangi lake na chumba cha kiyoyozi, au umwache dukani. Umesikia, baba, hapa kwetu uchafu una hatari zaidi kuliko kwa mtu wa Nairobi. Kinyesi na chakula kilichobaki vinatoa amonia. pH ikiwa 7, sehemu kubwa ya amonia hiyo haina sumu kali. pH ikipanda hadi 8, sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara 10. Joto nalo linaiongeza. Sasa sisi tuna vyote viwili, chokaa na joto. Idadi ile ile ya samaki inayovumilika kwa mtu mwingine, kwetu inaua.

MPWA: Kumbe. Mimi nilidhani ni lita tu.

SHANGAZI: Na hewa pia. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 30, saba na nusu. Utawaona mchana wako juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanafunguka na kufunga haraka. Mtu anasema wana njaa, anawatilia chakula!

MPWA: Msikilizaji wa Mambrui ametuma ujumbe wa sauti kuhusu hilo hilo. Kwao umeme ukikatika jioni nzima, afanyeje?

SHANGAZI: Pampu ndogo ya hewa ya betri. Akikosa, achote maji kwa kikombe ayamimine kutoka juu, mara kwa mara. Asiwalishe. Filta, kile kichujio cha maji, ikizimika kwa saa nyingi, asiiwashe tu na kuondoka, aisuuze kwanza kwa maji ya tangi lenyewe, maana ndani imeanza kuoza. Asiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini, ataua bakteria wanaogeuza amonia. Na cha maana, awe na samaki wachache. Tangi lisilojaa linastahimili giza.

MPWA: Bakteria hao wanachukua muda gani kuota kwenye tangi jipya?

SHANGAZI: Wiki nne hadi sita. Maji ya bomba yanakuja kutoka Baricho yakiwa na klorini, uyaache kwenye ndoo wazi siku nzima, au utie dawa ya kuondoa klorini. Anza na samaki wawili watatu, upime amonia na nitriti, ile sumu inayotokea bakteria wakigeuza amonia. Zote zikisoma sifuri ndipo uongeze.

MPWA: Ulisema wapo wanaolitaka jiwe la matumbawe.

SHANGAZI: Mbuna! Siklidi wa Ziwa Nyasa, wale wa rangi ya bluu na manjano. pH yao ni karibu 8 na zaidi, maji yao magumu, joto wanavumilia. Maji yetu wanayapenda sana, majirani ndio hawawapendi. Kila dume ana jiwe lake na anampiga anayekaribia. Gapi hatamaliza wiki. Mbuna wafugwe mbuna watupu, tangi la lita 200 kwenda juu, mawe mengi mpaka juu, idadi kubwa kidogo ili hasira zigawanyike. Ukiongeza mpya, pangua mawe yote upange upya, wenyeji nao wapoteze mipaka yao.

MPWA: Na wale wa vidimbwi vya mvua? Wa kwetu hapa pwani?

SHANGAZI: Nothobranchius. Hao wananifurahisha kuliko wote. Kidimbwi kinakauka kabisa, samaki wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope yanasubiri mvua. Mvua ikinyesha wanaanguliwa, wanakua kwa wiki chache, wanataga, wamekwisha. Watu wa Ulaya wanawafuga kwa mapenzi makubwa, na sisi tunapita na bodaboda juu ya vidimbwi vyao. Lakini dume kwa dume wanapigana, na wanaruka, tangi lifunikwe. Usiwachanganye na gapi zako.

MPWA: Perege mdogo wa mto Sabaki nisimguse?

SHANGAZI: Atakua awale wenzake, kisha wewe umle yeye. Na samaki wa tangi usiwamwage mtoni, hata ukiwachoka. Mpe jirani.

MPWA: Nimekusikia. Orodha mpya basi. Gapi dume sita. Plati dume mmoja na majike wawili.

SHANGAZI: Plati watazaa, ujue. Weka majani mengi watoto wajifiche, au uwaache wazazi wapunguze. Konokono wawili watatu ukitaka, gamba lao linakuwa zuri kwenye maji yetu. Tangi lako hapo limetosha.

MPWA: Moli hapana?

SHANGAZI: Moli anakuwa mkubwa kuliko gapi, anataka nafasi. Ukipata tangi la lita 100, njoo tuzungumze.

MPWA: Nitaagiza Mombasa, waje kwa basi kwenye mifuko ya oksijeni.

SHANGAZI: Mwambie muuzaji asiwalishe siku moja kabla ya safari. Wakifika wasiingie moja kwa moja kwenye tangi lenye samaki, hata kama duka unaliamini. Beseni la lita 20, filta ya sponji, wiki mbili au zaidi. Unaangalia madoa meupe mwilini kama chembe za chumvi. Kimelea hicho kikiingia kwenye tangi la wote, utatibu wote. Hao wa kwanza, tangi likiwa tupu, watie humo humo, ila wa baadaye wote wapite kwenye beseni.

MPWA: Na kuwatia?

SHANGAZI: Mfuko uelee dakika 15 au 20. Ufungue, tia kikombe cha maji ya tangi, subiri, tia kingine. Maji yakiwa mara mbili, wachote kwa kinyavu. Maji ya mfukoni mwaga nje. Taa zizimwe, chakula mpaka kesho, tena kidogo, wanachokimaliza kwa dakika mbili.

MPWA: Wakijificha nyuma ya filta?

SHANGAZI: Waache. Ikifika siku ya tatu bado wamejificha, chota maji kwenye chupa uniletee nipime. Na usije nayo saa ya alasiri, nitakuwa nimelala.