Damu Nyeupe Kama Maziwa

JUMA: Haya wasikilizaji karibuni tena. Leo nataka dada Zuhura wa maabara aanze na ile tyubu ya damu, maana aliponisimulia juzi kwenye simu nilikosa la kusema.

ZUHURA: Asante kaka Juma. Ilikuwa asubuhi maabara, nimeweka sampuli kwenye mashine ya kuzungusha damu, na kawaida ikisimama unakuta damu nyekundu imekaa chini, juu kuna majimaji ya njano mepesi, ukishika tyubu unaona kidole chako upande wa pili. Siku hiyo juu kulikuwa kweupe pee, maziwa kabisa, kidole changu sikukiona. Nikarudia, vilevile.

JUMA: Labda alikuwa ametoka kula.

ZUHURA: Nilimuuliza, akasema hajala toka usiku, masaa kumi na mbili. Mtu akila chipsi mayai afu ukamtoa damu baada ya masaa matatu, ukungu ni kawaida. Ila ukishafunga usiku mzima damu inatakiwa iwe imeshasafishwa, na kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za mwili, kinaitwa lipoprotini lipasi, sisi tunasema LPL tu.

JUMA: Kinasafishaje?

ZUHURA: Mafuta ya chakula yanatoka utumboni yakiwa kwenye vifurushi, kilomikroni, vifurushi vikubwa ambavyo haviwezi kupenya ukuta wa mshipa. Sasa LPL inatengenezwa kwenye misuli, kwenye moyo na kwenye seli za mafuta, afu inavushwa hadi upande wa ndani wa ile mishipa membamba kuliko yote, inakaa pale ukutani inasubiri, kifurushi kikipita inakikamata na kukatakata trigliseridi, yaani yale mafuta yaliyomo, zinakuwa asidi za mafuta, misuli inachoma na zinazobaki zinawekwa akiba.

JUMA: Kwa hiyo haiogelei kwenye damu.

ZUHURA: Hapana, imejishikiza ukutani! Ndo maana ilichelewa kujulikana. Mwaka 1943 huko Marekani, mtafiti Paul Hahn aliwadunga heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mbwa waliokuwa na damu yenye mafuta, ule weupe ukapotea. Baadaye ikaeleweka heparini inaibandua LPL kutoka ukutani. Jina lenyewe lilitolewa na mtafiti Edward Korn mwaka 1955.

JUMA: Na kuna watu wanazaliwa bila hiyo LPL?

ZUHURA: Wapo, wachache sana, kama mmoja kwa milioni, ila kule Quebec, Kanada, ni wengi zaidi maana waliokuja mwanzo walikuwa wachache na jeni yenye kasoro, yaani maagizo ya urithi ndani ya seli, ikaendelea kurithiwa. Trigliseridi ambazo kwako zinatakiwa chini ya miligramu 150 kwa desilita ya damu, kwao zinapita 1000. Wanaota vipele vya njano, na kongosho linavimba, maumivu ya tumbo yanampeleka mtu hospitali tena na tena toka utotoni.

JUMA: Dawa je?

ZUHURA: Kaka hapo panauma. Mwaka 2012 Ulaya waliidhinisha Glybera, ilikuwa inamwingizia mgonjwa jeni ya LPL isiyo na kasoro, tiba ya jeni ya kwanza kuruhusiwa kule. Bei kama dola milioni moja. Ukiacha waliokuwa kwenye majaribio, aliyelipiwa ni mgonjwa mmoja tu, Ujerumani, na 2017 ikaondolewa sokoni. Yaani dawa ilikuwepo, wagonjwa walikuwepo, wakashindwa kukutana. Mimi hilo sijalizoea mpaka leo.

JUMA: Dah. Na huyu wa kwenye tyubu ndo alikuwa hivyo?

ZUHURA: Hapana, yeye alikuwa na kisukari bila kujua. Insulini ndo inaziambia seli za mafuta zitengeneze LPL, insulini ikipungua kimeng'enya kinapungua, huku ini linazidi kumwaga mafuta kwenye damu, na yeye alikuwa anakunywa bia kila siku, pombe inaongeza mzigo uleule. Wengi wenye trigliseridi juu wako hivi, LPL wanayo ila imezidiwa.

JUMA: Na mazoezi?

ZUHURA: Yanasaidia kweli, msuli unaofanya kazi unaongeza LPL yake wenyewe, hata kutembea kwa kasi, ila lazima urudie rudie maana baada ya siku chache inashuka.

JUMA: Alirudi lakini?

ZUHURA: Alirudi baada ya miezi mitatu, ameanza dawa za sukari na bia ameacha. Nikazungusha damu, nikainua tyubu dirishani. Bado ilikuwa na ukungu kidogo, ila kidole nilikiona.