Stempu ya China Usiyoijua: Soma Kwanza, Katalogi Baadaye

Ndugu zangu wakusanyaji, asanteni kwa kufika. Leo nataka tuishughulikie stempu ambayo karibu kila mmoja wetu anayo kwenye boksi na hajui aiweke wapi: stempu ya China isiyo na neno hata moja tunaloweza kulisoma.

Ya kwanza ya namna hiyo ilinikalisha jioni tatu. Nyekundu iliyopauka, vitobo vya ukingoni safi, thamani imeandikwa. Nilipekua katalogi, kitabu cha orodha ya stempu na bei zake, ukurasa kwa ukurasa, sikuiona. Baadaye ndipo nikajua kwamba haikuwa stempu ya posta. Ilikuwa ya ushuru, ile inayobandikwa kwenye stakabadhi na mikataba. Katalogi kubwa tunazozijua, Scott ya Marekani, Stanley Gibbons ya Uingereza, Michel ya Ujerumani, kazi yake hasa ni stempu za posta. Za ushuru za China zina vitabu vyake mbali. Nilikuwa namtafuta mgeni katika nyumba asiyofikia.

Kwa hiyo kabla ya kitabu, shikeni kioo cha kukuzia. Tazameni hapa ubaoni: 郵. Hiyo ni posta. Upande wa kulia ina umbo kama sikio, upande wa kushoto mistari imesongamana. Kwenye stempu za karibuni, baada ya maandishi kurahisishwa, utaiona hivi: 邮. Kushoto pamebaki kisanduku chenye msalaba ndani, mstari wa katikati umetokeza juu. Sikio liko palepale. Sasa tazameni hizi: 印花稅票. Hizo nne pamoja ni stempu ya ushuru. Mkiziona, funga Scott, tafuta katalogi ya stempu za ushuru.

Angalieni na upande wa kusomea. Stempu za zamani zilisomwa kutoka kulia, kama barua za wazee wetu wa pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Posta ya Jamhuri ya China ni 中華民國郵政, lakini kwenye karatasi utakuta 政郵國民華中. Wengi huzilinganisha na katalogi kuanzia kushoto, wakakata tamaa bure.

Nimesema posta na ushuru ni vitu viwili, na ni kweli, ila China mpaka huo umevukwa, na uvukaji wenyewe ndio ulioleta stempu ninazozipenda kuliko zote. Mwaka 1897 posta ya kifalme ilianza kazi kwa fedha mpya ya dola na senti, na stempu zake zilikuwa hazijawa tayari. Zilikuwepo stempu nyekundu za ushuru za senti 3, zilizochapwa London na Waterlow, zikiwa hazijatumika. Zikapigwa chapa nyeusi juu yake: jina la posta na thamani mpya, kuanzia senti 1 hadi dola 5. Kwa hiyo karatasi moja ina neno la Kiingereza la ushuru chini, na 郵 yetu nyeusi juu. Hapo chapa ya juu ndiyo inayotoa hukumu: ni stempu ya posta, na Scott inayo. Ile ya dola 1 yenye maandishi madogo ni miongoni mwa stempu adimu kabisa duniani. Zinazojulikana ni takriban 32. Za kughushi ni nyingi mno, basi ukiuziwa moja sokoni, usifurahi kabla ya mtaalamu kuiona.

Mwaka 1949 mambo yakajirudia. Stempu za ushuru zenye meli, treni na ndege zilipigwa chapa zikatumika kwa barua, kwa sababu fedha ilikuwa imeporomoka. Agosti 1948 yuan (ndiyo fedha ya China) milioni 3 za zamani zilibadilishwa kwa yuan 1 ya dhahabu. Haukupita mwaka, Julai 1949, yuan milioni 500 za dhahabu zikawa sawa na yuan 1 ya madini ya fedha. Serikali haikuweza kuchapa stempu kwa kasi hiyo, ikawa inapiga thamani mpya juu ya zilizopo. Ndiyo maana sura ileile ya Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri ya China, utaikuta na bei za kushangaza. Wala msidhani tarakimu kubwa ni mali nyingi. Stempu ya yuan 800 ya miaka ya mwanzo ya Jamhuri ya Watu wa China, ile ya Wakomunisti, ilitosha barua moja ya kawaida. Baada ya tarehe 1 Machi 1955, yuan 10,000 za zamani zilipokuwa yuan 1, hiyo 800 ikawa fen 8, fen 100 zikiwa yuan 1.

Tukae kidogo na huyu Sun Yat-sen, maana ndiye anayejaza maboksi yetu. Katalogi itakupa mistari kadhaa inayofanana na bei tofauti, na picha moja tu. Chukua toleo lililochapwa na kampuni ya Chung Hwa, lililoanza 1938. Weka lenzi juu ya kifungo cha koti. Kikiwa nusu duara, hesabu mistari ya kivuli juu ya kichwa: utapata sita, na hiyo ni aina ya kwanza. Kikiwa duara kamili, mistari ni tisa, na hapo bado kuna aina mbili. Panda hadi fremu ya juu. Vimistari vya wima vikiishia sehemu tu, ni aina ya pili. Vikiijaza fremu yote, ni ya tatu. Baada ya hapo ndipo upime vitobo na utafute kwa nyuma alama ya maji, ile iliyofichwa ndani ya karatasi. Wengi huanza na vitobo, wakachoka kabla ya kufika kwenye kifungo.

Kila meza ina bahasha yenye stempu kumi. Katalogi nimeziacha huku mbele makusudi. Tenganisheni kwanza zenye sikio na zenye 印花, na mkikuta yenye vyote viwili, niiteni.