Upinde Juu ya Mwanga, Wimbi Ndani ya Ziwa

Shikamooni wazee wangu. Walimu, wanafunzi, nanyi wavuvi mliopata nafasi kwa kuwa mwezi umekuwa mkubwa na usiku wa leo taa za kuvutia dagaa haziwashwi majini, karibuni sana.

Naomba anyooshe mkono aliyewahi kuona upinde wa mvua hapa Kigoma saa saba mchana. Hakuna, sivyo? Wala hamtauona, hata mvua na jua vikija pamoja.

Tazameni kinachotokea ndani ya tone moja. Mwanga wa jua unaingia na kupinda, mwekundu ukipinda kidogo na zambarau zaidi. Unafika nyuma ya tone, sehemu yake inarudishwa kama kwenye kioo, kisha inatoka na kupinda tena. Miale hutoka kwa pembe nyingi, lakini iliyo mingi inasongamana mahali pamoja: mwekundu kwenye digrii 42 hivi, zambarau kwenye 40, ukipima kutoka kivuli cha kichwa chako. Nyoosha mkono, tanua kiganja: shubiri mbili tangu kwenye kivuli hicho, ndipo ulipo wekundu. Mwanzoni mwa karne ya 14, Kamal al-Din al-Farisi huko Uajemi na Theodoric wa Freiberg huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, waliligundua hili kwa kutazama mwanga ndani ya tufe la kioo lililojaa maji. Descartes akaja kuipigia hesabu pembe hiyo, mwale kwa mwale, akaichapisha mwaka 1637.

Sasa jua likipanda zaidi ya digrii 42, upinde wote unazama chini ya upeo wa macho. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, usijisumbue kuutafuta. Kwetu hapa maana yake ni kwamba baada ya saa nne hivi asubuhi hauonekani tena mpaka saa kumi na ushee. Na kwa kuwa jua letu linazama ng'ambo, nyuma ya milima ya Kongo, upinde wa jioni huuoni mpaka ulipe ziwa mgongo. Wa asubuhi unasimama juu ya maji.

Nimesema unasimama, na hapo ndipo ninapotaka tukae. Matone yenyewe hayasimami hata kidogo. Tone linalokupa wekundu sasa hivi linaanguka, muda si mrefu linakupa kijani, kisha zambarau, kisha limepita na jingine limeshika nafasi yake. Upinde ni umbo linalobaki huku kila kilichomo kikienda. Na aliyekaa pembeni yako anaona wake, kutoka matone mengine.

Safari nyingine, chini ya zambarau, hujitokeza vimistari hafifu vya kijani na waridi. Hesabu ya Descartes haikuweza kuvieleza. Thomas Young wa Uingereza aliandika mwaka 1804 kwamba mwanga unakwenda kama wimbi: miale miwili iliyopita njia tofauti kidogo ndani ya tone lilelile inatoka pamoja, kilele kikikutana na kilele panang'aa, kilele kikikutana na bonde panafifia. Matone yawe madogo na yanayolingana, ndipo utaviona.

Wavuvi, hapa naingia kwenu. Beba beseni la maji utembee: yanapanda huku, yanashuka kule, na katikati hayapandi wala hayashuki. Ni mawimbi mawili yanayopishana, moja likienda, jingine likirudi kutoka ukingoni, na kwa pamoja yanafanya wimbi lililosimama. Forel wa Uswisi alilipima hilo katika Ziwa Geneva: maji yanapanda mwisho mmoja na kurudi kwa dakika 73 hivi. Ziwa letu la Tanganyika ni refu mno, kama kilomita 650, na kina chake cha wastani ni mita 570. Katika kina hicho wimbi refu linakimbia karibu mita 75 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni karibu saa tano. Kwa macho hulioni.

Kubwa zaidi liko chini. Nimeleta chupa hii: nusu yake maji, juu yake mawese, nimeyapasha kidogo yasigande. Nailaza, naiinamisha, naiweka sawa. Uso wa juu umetulia mara moja. Lakini tazameni mpaka ulio kati ya mawese na maji: bado unakwenda, polepole. Mawese ni mepesi kidogo tu kuliko maji, kwa hiyo nguvu ya kuurudisha mpaka ni ndogo.

Ziwa Tanganyika liko hivyohivyo. Juu kuna maji ya vuguvugu, nyuzi 26 au 27, na kule chini ni nyuzi 23 na ushee. Kiangazi, tangu mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo wa kusini mashariki unayasukuma ya juu kuelekea Bujumbura kaskazini, na kule Mpulungu, ncha ya kusini, ya chini yanapanda na rutuba yake. Mwani unastawi, vidudu vinaula, dagaa anavila vidudu. Upepo ukilegea, mpaka ule unaanza kubembea urefu wote wa ziwa, na bembea moja inachukua wiki tatu hadi nne. Katikati yake, kwa kukadiria usawa wa milima ya Mahale, mpaka unatulia. Huku kwetu unapanda na kushuka. Mvuvi anayetupa wavu juu yake haoni hata kiwimbi.

Chupa naiacha hapa mezani, mje muiinamishe wenyewe. Ila kwanza tutoke: saa kumi na nusu imepita, jua limeingia dirisha la upande wa ziwa, na kule juu, mtaa wa Mwanga, bado kunanyesha.