Dakika za kijiweni na pepa la Novemba

Asanteni, kaeni tu, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Naona wengine mmetoka kazini moja kwa moja, kuna kaka bado yuko na sare ya ulinzi, kuna dada ana mtoto mgongoni, poleni na karibuni sana, ntaenda haraka maana najua kuna ambao zamu inaanza saa moja jioni hii hii.

Mimi nafundisha watu wazima wanaojiandaa na QT, ule mtihani wa maarifa unaomfungulia aliyekosa sekondari njia ya kufanya wa kidato cha nne, pamoja na watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, na kila mwaka nasikia neno lilelile, mwalimu sina muda. Na ni kweli kabisa. Mtu akisimama hapa akawaambia muda mnao ila wavivu, huo ni uonevu. Mama anaamka saa kumi alfajiri anakanda chapati na kuchemsha supu, anafunga banda saa tisa mchana, anarudi nyumbani kupika tena na kufua, huyo masaa mawili ya kukaa mezani na kitabu atayatoa wapi? Akijilazimisha usiku anasinzia ukurasa wa kwanza. Ila mama huyohuyo saa nne wateja wanapungua anapata dakika saba nane, wa bodaboda yuko kijiweni anasubiri zamu yake ya abiria, anayetoka Mbagala kwenda Kariakoo daladala imesimama kwenye foleni haisogei. Dakika zipo, sasa swali ni zifanye kazi gani, maana sio kila kazi inaenea humo.

Ninachokiona sana ni mtu anabeba kitabu kizima cha Biology mpaka kijiweni, anafungua, anatafuta alipoishia, anasoma aya moja, abiria huyo, anafunga. Wiki nzima ivo ivo, mwisho anajiambia kichwa changu kimezeeka. Hakijazeeka jamani. Dakika kumi ni chache mno kuanza mada mpya, lakini kukumbuka mada ambayo ulishaisoma zinatosha na zinabaki. Kwaiyo mada mpya itengee siku yako ya kupumzika, hizi dakika za katikati ya kazi jiulize maswali.

Na hili halitoki kichwani kwangu. Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, alikua anakariri silabi zisizo na maana yoyote halafu anapima kimebaki nini. Akakuta marudio 38 yaliyogawanywa kwa siku tatu yanamsaidia sawa na marudio 68 yaliyorundikwa siku moja. Yani wewe ambaye kazi inakukatakata muda hupotezi chochote kwenye kurudia, tena uko pazuri kuliko anayekesha siku moja. Halafu 2006 kule Marekani, watafiti wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma, wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndo wakaongoza, baada ya wiki ikageuka, waliojilazimisha kukumbuka wakawa mbele. Na pepa lenu la Novemba haliji baada ya dakika tano.

Sasa tuseme Jumapili umesoma Vita vya Majimaji. Ukimaliza kata karatasi vipande vya kuenea kiganjani, kila kipande swali moja, jibu nyuma. Vilianza lini vikaisha lini, nyuma unaandika 1905 hadi 1907. Kinjekitile Ngwale aliwaambia watu nini kuhusu yale maji? Kwanini kulimishwa pamba kwa nguvu kuliwachukiza watu? Basi, vitatu vinne mfukoni, uviandae usiku ili kesho usipoteze dakika kuchagua usome nini. Ukipata nafasi toa kimoja, jibu kwa mdomo kabisa KABLA hujageuza, ukigeuza haraka unajidanganya unajua kumbe umesoma tu jibu. Umekosa? Kirudi mfukoni kwa ajili ya kesho.

Hapo kwenye lugha naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo watu wazima wengi wanapoumia na inaniuma sana. Ukiacha somo la Kiswahili, karibu masomo yote pepa ni Kiingereza. Kwaiyo swali liandike kwa Kiingereza vile litakavyokuja, jieleze kwanza kwa Kiswahili mpaka uelewe mwenyewe, halafu sema sentensi mbili kwa Kiingereza hata kama zimevunjika. Mtu anajua majani yanavyotengeneza chakula vizuri tu, ila ile sentensi hajawahi kuitamka hata mara moja, anaitafuta chumba cha mtihani mbele ya msimamizi, anakosa maksi za kitu anachokijua.

Kuna vitu vitawagomea kwa njia hii, siwafichi. Kanuni ya eneo au za logarithimu zinaenea kwenye kipande, lakini kukokotoa swali refu la hesabu hapana, na insha nayo hapana, hizo lazima ukae ukatulia. Nyumbani ombeni masaa mawili ya Jumapili, na kina baba mlioko hapa ambao wake zenu nao wanasoma, chukueni watoto hayo masaa, pikeni, inawezekana.

Wa bodaboda, ukiwa unaendesha hakuna cha kipande wala rekodi ya sauti masikioni, barabarani ni barabarani tu. Na dada aliyesimama tangu alfajiri akipata dakika kumi akataka kulala, alale, kichwa kilichochoka hakishiki kitu.

Haya, karatasi zinapita, chukua moja uikate mara nne. Andika maswali ya mada ya mwisho uliyosoma, hata kama ni ya mwezi uliopita, tuna robo saa, mi napita mstari kwa mstari naangalia, na ambaye Kiingereza cha swali kinamsumbua aninyooshee mkono tuliandike pamoja.