J95 hatua kwa hatua: misimbo ya matatizo ya kupumua kutokana na upasuaji

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tunaweka misimbo kwenye faili moja la mfano: mama wa miaka 68 aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, uliopangwa mapema, katika hospitali ya Marekani. Tunatumia ICD-10-CM, orodha ya Marekani ya misimbo inayowakilisha magonjwa, iliyoanza kutumika huko Oktoba 1, 2015. Simamisha video kwanza, fungua kundi la J95, kisha turudi.

Tayari? Usiguse msimbo bado. Soma faili lote: ripoti ya upasuaji, karatasi ya daktari wa usingizi, maelezo ya kila siku, majibu ya gesi za damu. Najua foleni ya mafaili ni ndefu, lakini hapa haraka inaumiza watu.

Tazama siku ya pili. Daktari kaandika: "Kushindwa kupumua kwa ghafla baada ya upasuaji." Wengi hukimbilia J95.821, msimbo wa kushindwa kupumua kwa ghafla kutokana na upasuaji, papo hapo. Subiri. "Baada ya" inatuambia lini, haituambii kwa nini. Mwongozo rasmi unataka maandishi ya daktari yaonyeshe uhusiano kati ya tatizo na matibabu yaliyofanyika. Kama kupumua kulishindikana kwa sababu ya ugonjwa mwingine, tunaangalia J96.0, msimbo wa kushindwa kupumua kwa ghafla kusikotokana na upasuaji. Na mgonjwa aliyebaki kwenye mashine ya kupumulia usiku mmoja kama ilivyopangwa, hilo peke yake si kushindwa kupumua.

Basi mwandikie daktari swali. Usimwekee jibu mdomoni, wala usitaje malipo. Mweleze ulichokiona, kiwango cha oksijeni na saa za mashine, halafu mpe machaguo, likiwemo "sababu nyingine" na "haiwezi kubainika". Nalisisitiza hili kwa sababu AHRQ, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia ubora wa huduma za afya, hupima kushindwa kupumua baada ya upasuaji wa kupangwa kwa PSI 11, kimojawapo cha vipimo vyake vya usalama wa wagonjwa. Ukikosea kwa kuweka, hospitali inahesabiwa dhara ambalo haikulisababisha. Ukikosea kwa kuacha, mateso ya huyu mama yanafutika kwenye takwimu.

Daktari amejibu: imetokana na upasuaji. Sasa weka J95.821, bila kuongeza J96 juu yake. Angekuwa na tatizo sugu la kushindwa kupumua tangu zamani, likazidi ghafla kwa upasuaji, ingekuwa J95.822.

Shuka hadi siku ya sita: nimonia, na mama bado yuko kwenye mashine. Mashine ipo, nimonia ipo, lakini kuviunganisha si kazi yetu. J95.851 inawekwa pale tu daktari anapoandika kwamba nimonia imeletwa na mashine. Hapa ameandika, na maabara imeotesha bakteria wa Pseudomonas, kwa hiyo tunaongeza B96.5, msimbo wa bakteria huyo. Usiongeze msimbo wa J12 hadi J18, yaani misimbo mingine ya nimonia, kwa nimonia hiyohiyo.

Mengine ya kundi hili utayakuta mara kwa mara: hewa iliyovujia kifuani nje ya pafu kutokana na utaratibu wa kitabibu ni J95.811, na mapafu yaliyoungua kwa kemikali kutokana na dawa ya usingizi ni J95.4.

Mwisho, kile kisanduku kinachouliza kama tatizo lilikuwepo mgonjwa alipolazwa. Mama huyu aliingia akipumua vizuri. Weka N, yaani hapana, kwa J95.821, weka N kwa J95.851 na kwa B96.5, kisha hifadhi.